Mlingoti Niliouchora Kulia

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa kiti. Afisa Itifaki Mkuu, mzee mwembamba asiyevua koti hata joto la Dodoma likizidi, alitandaza kitambaa mezani, cheupe juu na chekundu chini.

"Binti, hii ya nani?"

"Poland, mzee."

Akakigeuza juu chini. "Na sasa?"

"Indonesia."

"Haya, kaa." Hivyo ndivyo nilivyokuwa mtunza bendera, na tangu siku hiyo sijakaa mahali nikatulia.

Ninyi mnaouliza kila kitu kwenye simu msidhani ilikuwa kazi ya kupandisha na kushusha tu. Bendera ya Chad na ya Romania zinatofautiana kwa bluu tu, moja imekolea kidogo, na ukiziacha karibu na dirisha jua linakula hata hiyo tofauti. Ya Ireland na ya Ivory Coast zina rangi zilezile tatu zilizosimama wima. Unazijua kwa rangi iliyo karibu na mlingoti. Mzee alilirudia hilo mpaka nikaliota: bendera husomwa kuanzia mlingotini, hata uwe umesimama upande gani.

Nilianzia stoo, nikahamishiwa viwanjani, kisha nikarudishwa ofisini kusimamia ushonaji. Upepo wa huku hauna adabu, unachana bendera kuanzia ncha ya nje, kwa hiyo kila mara tulihitaji mpya. Tulishonesha kwa Fundi Eliya wa Chang'ombe ya hapahapa Dodoma, ambaye cherehani yake ilikuwa barazani, na kibao chake kilisema anashonea serikali. Alijivunia kibao kile kuliko nyumba.

Wakaja wageni kutoka Mali. Bendera yao tuliyokuwa nayo ilikuwa imepauka, na mimi nilikuwa na haraka zangu. Nikamchorea fundi kwenye karatasi: kijani, njano, nyekundu, kutoka kushoto kwenda kulia. Halafu nikachora mlingoti upande wa kulia, kwa sababu hivyo ndivyo ulivyoonekana ule wa uani kutoka dirishani kwangu. Fundi akashona kama nilivyochora. Upindo wa kamba, ule ukingo unaokunjwa ili kamba ipite ndani, akauweka kwenye nyekundu.

Ilipopandishwa niliitazama kutoka dirishani, nikaona kijani, njano, nyekundu, nikaridhika kabisa. Wageni waliingilia lango la upande wa pili. Mmoja wao akainua macho, akatabasamu kwa upole, akamwambia mkalimani kwamba ile ni ya jirani zao wa Guinea. Nyekundu ilikuwa mlingotini.

Mzee hakunifokea. Alisubiri wageni waingie ukumbini, akauliza taratibu, "Nani kashona hii?"

"Fundi wa Chang'ombe, mzee."

Nilisema kweli, na nikaishia hapo. Sikutaja karatasi. Juma hilo hilo fundi akaondolewa kwenye orodha yetu, na kibao kikashushwa. Nilisubiri aje na mchoro wangu anishtaki. Hakuja. Miaka yote iliyobaki, kila mhudumu alipogonga mlango nilidhani kaleta ile karatasi, na nilipopandishwa cheo sikulala vizuri hata kidogo. Niliona aibu, na bado naona.

Nimestaafu sasa, nakaa Miyuji. Nikienda harusini nakagua bendera za ukumbi kabla sijamtazama bibi harusi, mpaka wanangu wananicheka. Mwezi uliopita nilishindwa hata kumaliza chai. Nikajitanda kanga, nikaenda Chang'ombe.

Nilimkuta kwenye baraza ileile, anapunguza sare ya shule.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mama bendera. Umezeeka."

"Lile kosa lilikuwa langu. Nilichora vibaya, nikanyamaza wewe ukaumia. Naomba unisamehe."

Aliingia ndani, akakaa humo mpaka nikaanza kufikiri niondoke. Akatoka na karatasi iliyokunjwa mara nne. Niliijua kabla hajaikunjua.

"Ulikuwa nayo siku zote? Mbona hukuileta ofisini?"

"Niliileta. Mlinzi wenu akaniambia wazabuni walioondolewa hawaingii. Na haina jina, mama. Mtu yeyote angeweza kuichora." Akachomoa kalamu nyuma ya sikio. "Andika lako."

"Nikuandikie na barua, niipeleke ofisini?"

"Mzee wako alishafariki, barua utampa nani? Wewe andika jina."

Nikaandika majina yangu yote matatu chini ya ule mlingoti, na cheo changu cha mwisho. Fundi akaisoma polepole kwa sauti, kisha akaibandika kwa gundi ukutani, katikati ya misumari miwili iliyoshika kile kibao cha zamani. Mteja aliyekuja kuchukua sare akauliza ni nini.

"Muulize huyu mama," akasema fundi, akarudi kwenye cherehani.

Nikamweleza, kuanzia mlingotini.