Nusu ya Uso wa Luhende

Mtanisamehe mwandiko wangu na herufi zitakazoruka. Niliishia darasa la saba, kalamu naisukuma polepole, na mbele za watu naona aibu mpaka leo. Ila hili nimeamua kuliandika, kwa sababu juzi binti wa jirani alitupa simu yake kitandani akasema, "Dada, picha haifunguki, haya ni mateso!" Mateso! Nikacheka peke yangu.

Enzi zetu, sisi tuliokulia vijijini upande wa Bulyanhulu, tulikwenda shule na jembe na kidumu cha maji, mfukoni tuna michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, ya kutafuna njiani. Jioni tulirukia lundo la pamba ghalani mpaka vichwa vinakuwa vyeupe kama vya mabibi. Tulicheza rede kwa mpira wa soksi; ukipigwa unatoka, hakuna kununa. Picha zetu alizipiga mpiga picha wa mnadani, ukazisubiri mpaka uzisahau.

Kaka yangu Luhende alichimba dhahabu huku kwetu, kisha akaondoka na kampuni ya kuchoronga miamba kwenda Afrika Kusini. Miaka ya tisini ilikuwa inaishia. Siku moja zikaja habari kwamba mgodi aliokuwamo umeporomoka na watu wamekufa. Baba mdogo, ambaye ndiye aliyetusimamia tangu baba afariki, akaja na wembe.

"Shemeji, tunyoe nywele. Mtoto ameshakwenda."

Kwetu ukishanyoa, umekubali msiba. Ng'ombe wa Luhende wangegawanywa, na jina lake wangepewa watoto watakaozaliwa. Mama akamwangalia. "Yaya," akasema, yaani hapana kwa Kisukuma chetu. "Nywele zangu hazishuki kwa maneno ya barabarani."

Ndipo dereva mmoja wa mgodini akatuambia kwamba kampuni imeweka kwenye mtandao picha ya wale waliotolewa wazima. Mtandao ni nini hatukujua, lakini kompyuta ilikuwepo Shinyanga mjini, kwa Mama Yasmini, Mhindi aliyeuza vitenge na vipuri vya baiskeli. Tukapanda lori la pamba, Mama, Baba mdogo na mimi. Mama hakujua Kiswahili, kwa hiyo mimi mwenye aibu zangu ndiye niliyekuwa mdomo wake, nikamsimulia mwenye duka habari yote mpaka ya wembe.

Mama Yasmini alipiga simu kwa ile mashine, maana mtandao wa siku hizo ulipita kwenye waya wa simu, ikalia kama paka wanaogombana, maandishi ya Kiingereza yakatokea. Akatusomea: hawa ndio waliookolewa. Majina hayakuwepo. Chini ya maneno palikuwa na boksi tupu lenye alama ndogo pembeni.

"Picha inakuja," akasema. Haikuja. Akauita ukurasa upya. Boksi. Akachomoa waya, akaupuliza, akaurudisha. Boksi. Akazima mashine nzima, tukangoja mvumo wake unyamaze, akawasha tena. Boksi lilelile.

Baba mdogo akavua kofia. "Shemeji, hata mashine imekataa. Ni shimo tupu lile. Twende tukalie nyumbani."

Mama hakugeuka. "Mwambie huyu mama sitoki. Kama anafunga duka, afunge na mimi humu ndani."

Nilisema hivyo kwa sauti ndogo, macho sakafuni. Mama Yasmini akagonga meza. "Kaa, Mama Luhende! Hata mimi imeshanipandisha hasira."

Hapo mumewe akaingia kutoka msikitini. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku anachungulia kioo. "Picha? Nilizizima mimi. Zinakula pesa ya simu. Nimeiambia mashine ilete maneno tu."

"Wewe!" mkewe akapiga kelele. "Watu wanataka kunyolewa hapa, kumbe aliyemzika mtoto wao ni wewe!" Akabonyeza huku na kule, akaziruhusu picha.

Ikaanza kushuka kutoka juu, mstari kwa mstari. Mbingu. Kofia za wachimbaji. Mapaji ya nyuso. Nilikuwa nimeng'ang'ania kanga ya Mama. Kisha macho, na mmoja wa katikati alikuwa amefumba jicho la kushoto. Luhende tangu utoto akielekezewa kamera hufumba jicho hilo.

"Mwanangu huyo!" Mama akaruka.

Ilipofika puani ikasimama. Watoto wa Mama Yasmini huko ghorofani walikuwa wamenyanyua simu, laini imekatika. Baba mdogo akasogea, akakunja uso. "Lakini jicho limefumba, shemeji."

"Na la pili linakutazama wewe! Umeona wapi maiti anayekonyeza?"

Nikageuza maneno hayo kwa Kiswahili, kwa sauti kubwa bila kujijua, na duka zima likaangua kicheko. Baba mdogo naye akacheka, machozi yakimtiririka mpaka kidevuni. Mama Yasmini akataka kupiga tena, tuone uso wote. Mama akakataa. "Pua na mdomo nimevizaa mwenyewe, navijua."

Nyumbani tulikuta watu wameshakaa kwenye mikeka. Mama akawaambia, "Amkeni mkalime, hapa hakuna msiba." Wengine walimwita kichaa. Alikaa na nywele zake, akazisuka kabisa, mpaka baada ya mavuno Luhende akatokea amepanda baiskeli, ana pua na mdomo.

Siku hizi picha zinafika kabla hujazitaka. Watoto wanazitazama nukta moja, wanazisukuma kwa kidole, na ikichelewa kidogo wanasema imekufa. Wananiambia mimi ni wa zamani. Sawa, ni wa zamani. Lakini wakati mwingine natamani kuona tena uso wa mtu ukishuka polepole namna ile, watu wote kimya, kila mstari tukiushukuru.

Ninyi wenzangu wa miaka ile, hebu niandikieni. Ni uso wa nani mliousubiri hivyo? Hata kama mwandiko wenu ni mbaya kama wangu, andikeni. Nitausoma taratibu.