Hamisi na Mzigo wa Kaniki

Anayetaka kunibishia na anibishie, lakini gari lilikuwa langu, macho yaliyoona ni haya haya, na siku hiyo sikuwa nimeonja pombe. Ilikuwa njia ya Mvumi, jua linaelekea kuzama, miaka ile ya ruksa.

Nyie mliozaliwa juzi hamuijui miaka ile. Tulitoka kwenye foleni za sabuni, mara maduka ya Dodoma yakajaa, na vipuri vya mtumba vikawa vinamwagwa kwenye maturubai kama nyanya. Kila Jumamosi mimi na rafiki yangu Hamisi tulikwenda kuvichambua, hata kama hatuna cha kununua. Alikuwa fundi, Mrangi wa Kondoa, mwenye gereji yake Nzuguni na ovaroli aliyoipiga pasi. Nilimtania kwamba fundi gani hachafuki, naye akanijibu kwamba Mgogo kama mimi akiona mtu amevaa safi anadhani ni mkutano wa hadhara. Nazikumbuka Jumamosi zile kuliko hata harusi yangu.

Gari langu lilikuwa kuukuu, la kwenda porini, nililolipata mnadani. Zile raba zinazokaa chini ya chesi, za kupokea kishindo springi zikibanwa hadi mwisho, zilikuwa zimekwisha zamani. Tulifunga vipande vya tairi badala yake, na kila korongo liligonga kama mchi kwenye kinu. Siku moja Hamisi akaokota mtumbani raba nene za lori, ndefu, zenye mapingili. Akazichongea vibao vya chuma, akazifunga, tukaenda kuzijaribu. Niamini, gari lilitumbukia korongoni likakaa taratibu, likainuka kwa heshima. Tulicheka kama watoto.

Ndipo tukamkuta bibi mmoja amesimama kando ya njia, mwembamba, amekumbatia kitu kilichofungwa kwa kaniki, ukubwa wa boga dogo. Tukamwamkia, akaitikia marahaba. Siku hizo nani angempita mzee njiani na gari tupu? Akapanda nyuma.

Gari likazama.

Sisemi liliyumba. Lilizama upande aliokaa bibi mpaka usukani ukavuta mikononi mwangu. Hamisi akashuka kuchungulia. Raba zile zilikuwa zimekalia ekseli, kama tumepakia mawe ya kujengea nyumba. Akamuuliza bibi kwa adabu amebeba nini.

Alisema amebeba mvua. Kijijini kwao haikunyesha msimu ule wala uliotangulia, watu wameanza kuhama, na yeye ndiye aliyetumwa mbali kuifuata. Isiguse ardhi njiani, kwa sababu itakapogusa ndipo itakapobaki. Na ifike kabla ya giza. Nilitaka kucheka, lakini ungecheka vipi na gari limelala vile?

Tukaenda polepole. Kila shimo raba zililia, ila hazikuachia. Tungekuwa bado na vipande vyetu vya tairi, chesi ingekatika na yule bibi angeanguka na mzigo wake.

Mbele tukafika korongo la mchanga, gari halipiti. Ng'ambo zilionekana nyumba za tembe, na watu wamesimama wanatazama upande wetu. Bibi akashuka, akapiga hatua, akapepesuka. Kaniki ikaanza kuteleza.

Hamisi alilelewa vizuri. Kwao, na kwetu pia, kijana hamwangalii mzee akihangaika na mzigo. Akanyoosha mikono.

"Mwanangu," bibi akasema, "ukiupokea, umeupokea."

"Nimeupokea, bibi."

Nilimwona akizama mchangani hadi juu ya vifundo, kisha hadi magotini. Alikuwa akiuchomoa mguu mmoja mmoja, shingo imemtuna, na midomo inasoma dua. Mimi nilimshika bibi mkono nyuma yake, na niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Akafika. Wanaume wawili wakautandikia mzigo ngozi ndani ya tembe, akautua. Jua lilikuwa limebaki ukingo tu.

Mvua ilinyesha hatujamaliza maji ya kunywa tuliyopewa. Korongo likajaa, tukalala ng'ambo. Wanawake walipiga vigelegele nje, wamelowa, na wale waliokuwa wamefunga mizigo ya kuhama wakaifungua. Sijawahi kunyeshewa nikafurahi namna ile.

Kumbe Hamisi alikuwa ameacha kitu kule. Tangu siku hiyo hakusikia tena uzito wa kitu chochote. Spana zilimdondoka bila habari, na nati alizikaza mpaka zikakatika. Alikwenda hospitali, akaenda kwa masheikh, wote wakasema mikono ni mizima. Mwisho akafunga gereji akarudi Kondoa kulima. Nzuguni ikapoa, na mimi nikaacha kwenda mtumbani.

Nilimfuata baadaye, amepata mtoto wa kwanza, wa kike. Alinipokea vizuri, tukataniana kama zamani. Lakini akimbeba mtoto alikuwa hamwondolei macho hata kidogo, nami nikamuuliza anaogopa nini.

"Namwona, na harufu yake naisikia," akaniambia. "Ila mikononi hayupo."

Basi wewe unayepita njia zile, ukimkuta mzee amekumbatia mzigo wa kaniki, mpe lifti. Hata mimi ningempa tena, maana kijiji kile kipo mpaka leo. Ila kabla hujamnyooshea mikono, rudi kwanza nyumbani ukambebe mwanao.