Ukurasa wa Viazi Uliokataa Kufunguka

Admin, nifiche jina. Hadi Jumatatu hii, jambo hili sikuwa nimemwambia mtu yeyote, hata mamangu. Nina miaka kumi na sita, niko kidato cha tatu katika shule ya kutwa Nakuru. Mimi si mtu wa kuongea. Wakati wangu mwingi huishia kwa vitabu na laptop ya klabu.

Rafiki yangu, nimwite Chebet, alikuwa mwenyekiti wa klabu ya kompyuta. Yeye ndiye aliyetaka tutengeneze tovuti ya bei za viazi, kwa sababu mama yake analima viazi huko Dundori na madalali humdanganya bei. Tulitumia JavaScript, lugha ya kuandikia tovuti. Ukikwama unapakua package, yaani kazi iliyoandikwa tayari na watu wengine. Mimi nilikwama sana na nikaona aibu kuuliza. Kila mapumziko nilipakua nyingine: ya tarehe, ya rangi za vitufe, hata ya ramani, na hatukuwa na ramani. Zilizonishinda niliziacha humo humo, ukurasa ukizibeba na kuzidi kuwa mzito. Klabu nzima tulikuwa tunaingia kwa akaunti ya Chebet, kwa hiyo kila kilichopakuliwa kilibeba jina lake.

Siku ya wazazi, mama yake alishika simu mbele ya wenzake, ukurasa mweupe, alama ya kusubiri ikizunguka tu.

"Injinia, hii bei itafika viazi vikishaoza?" alimuuliza Chebet.

Walicheka. Chebet alicheka pia, halafu akaenda chooni akakaa huko muda mrefu.

Kesho yake mwalimu alifungua orodha ya package. "Chebet, ulikuwa unaokota kuni?"

"Nilipakua mbili tu, mwalimu. Labda hizo ndizo zilizovuta zingine."

Ni kweli package moja huvuta nyingine. Lakini hizo zilikuwa zangu. Nilikuwa nimekaa karibu naye, nikainamia daftari.

Alivuliwa uenyekiti. Mimi nikapewa kazi ya kusafisha ukurasa, "kwa sababu huyu ni makini." Nilijua za kutoa, maana ni mimi niliyeziweka. Sehemu ya tarehe niliiandika mwenyewe kwa mistari minne tu, bila package. Ukurasa ukafunguka mara moja, nikapigiwa makofi, nikafanywa mwenyekiti.

"Angalau wewe unajua kazi," Chebet aliniambia. "Mimi niliharibu."

Wiki iliyopita nilianza kuwaandikia ninyi, Admin na wasomaji, niwaulize nifanye nini, nikaona natafuta tu wa kunihurumia. Jumatatu nilisimama mbele ya klabu, nikasoma majina ya package kumi na tisa, moja moja, nikasema ni mimi niliyezipakua na uenyekiti siutaki. Chebet alisikiliza hadi jina la mwisho. Kisha akachukua daftari lake, akahamia dawati la nyuma.