Sauti Saba za Marimba Iliyoungua

Mninga ukiungua hutoa harufu tamu kidogo, kama dawa ya kikohozi iliyomwagika kwenye majivu. Niliijua nikiwa na miaka kumi, siku askari wa Kireno walipochoma kijiji chetu karibu na Quiterajo ili tusiwalishe wapiganaji wa msituni. Ndani ya nyumba ya Mjomba Saidi, mdogo wake mama, ilibaki marimba yake yenye vibao vya mninga alivyovichonga mwenyewe. Tukiwa tumepangwa mstari barabarani, tulivisikia vikipasuka kimoja kimoja, kila kimoja kwa sauti yake. Baba hakuwa nasi. Walikuwa wamempandisha lori asubuhi ile, wakisema anakwenda kuulizwa maswali, atarudi.

Tulipelekwa kwenye kijiji kipya kando ya ghuba ya Tungue, kilichozungushiwa seng'enge, chenye lango moja lililolindwa na sipai, yaani askari mweusi wa serikali. Huko mama alinyamaza. Hakulia, hakugombana na mtu. Alikaa ameegemea ukuta, na uji niliompikia ulipoa mbele yake mpaka ukafanya utando. Juma la tatu nilikuwa namwogesha kama mtoto. Nilimbembeleza, nilimkasirikia, siku moja nikamfinya mkono ili angalau alie. Hakunitazama. Majirani walianza kusema nami kwa upole ule wanaowawekea mayatima.

Mjomba alikuwa akilazimishwa kufagia jiko la kambi ya askari. Mchana mmoja alirudi na kavakinyu aliloliokota jalalani: kigita cha Kireno cha nyuzi nne, ndugu wa hiki ambacho vijana leo wanakiita ukulele. Kilikuwa na ufa, hakina uzi hata mmoja. Mfa maji hukamata maji. Alikifunga nyuzi za mshipi wa kuvulia, akajaribu wimbo wa kutwangia ambao mama aliupenda tangu usichana wake. Ukatoka umepinda.

"Hiki kimefundishwa kanisani," alisema. "Kwetu hakikujui."

Akanieleza. Marimba yake ilipanda kwa sauti saba, na hatua kati ya sauti na sauti zilikuwa sawa zote. Kigita cha Kireno kina hatua ndefu na fupi. Basi aling'oa kwa kisu vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo ya kigita, akafunga mahali pake vipande vya mshipi vinavyoweza kusogezwa. Marimba ya kupimia haikuwepo tena, ilibaki kichwani mwake tu. Yeye aliimba, mimi nikasogeza fundo kwa ukucha, mpaka uzi ukakubaliana na koo lake. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, wahenga wamesema, lakini hawakusema mhunzi afanye nini ikiwa kazi yake inashindana na njaa ya dada yake. Siku sita zilipita hivyo, na mama hakumeza kitu ila maji.

Kisha Mjomba akaunda kodi, yaani sauti zinazopigwa kwa pamoja. Alichukua sauti ya kwanza, akaruka moja, akachukua ya tatu, akaruka tena, akachukua ya tano. Uzi wa nne ukairudia ya kwanza. Halafu akaanzia ya pili vivyo hivyo, na ya tatu, mpaka zikatimia saba. Kodi za Kireno nilizozisikia kambini zilikuwa ama za furaha ama za huzuni. Hizi zetu hazikuwa upande wowote.

"Mpigie mama yako," Mjomba alisema. Akanikabidhi kigita.

Nikapiga, nikakosea, nikarudia. Mara ya nne mama aligeuza kichwa.

"Hiyo ya tano iko chini," alisema kwa sauti iliyokauka. "Nani kakufundisha hivyo?"

"Mjomba, mama."

"Saidi hakuwahi kuwa na sikio. Ipandishe."

Niliipandisha. Mjomba alitoka nje, nikayaona mabega yake yakitikisika. Mama alikunywa uji vijiko vinne.

Ningependa kuishia hapo. Lakini mwezi haukuisha kabla sipai hajasema kigita kile kinapeleka habari msituni, akakivunja kwa goti, na Mjomba akachapwa mbele ya watu. Nilidhani mama atanyamaza tena. Hakunyamaza. Alianza kwenda langoni kila asubuhi kuuliza mume wake yuko wapi. Walimpiga, na kesho yake akarudi kuuliza.

Alifariki miaka mingi baada ya vita, bila kujibiwa. Mimi ni mwalimu mstaafu, nakaa Mtwara, na mlango wangu naufunga mwenyewe. Watu wa kwetu wanavuka tena Ruvuma wakikimbia vita vingine, magodoro kichwani. Utotoni niliamini kwamba mtu akishaanza kula amepona. Sasa ninakula vizuri, nina pensheni na kitambulisho, na kila fomu ninayopewa ina mahali pa jina la baba, na pengine pa kuandika kama yu hai au ni marehemu. Naliandika jina lake. Pale pengine napaacha wazi.