Mchezaji Huru

Juzi redio ilitangaza kwamba klabu fulani imewaacha huru washambuliaji wake, nikaizima kwa hasira. Neno hilo nililisikia kwanza nyumbani Mbugani nikiwa mtoto, alasiri moja iliyonuka kakao iliyoanikwa uani. Mtangazaji alisema baba mdogo, mshambuliaji aliyehamahama timu za mikoani miaka yote, sasa ni mchezaji huru. Nikamkimbilia barazani, alikokuwa akikanda goti lake kwa maji ya moto.

"Ba'mdogo, redio imesema wamekuachia huru! Kumbe ulikuwa umefungwa?"

Mama akanifokea. Baba mdogo akaacha kukanda.

"Ndaga, mwanangu," akanishukuru. "Wenyewe hawajaniambia."

Leo nina shahada ya lugha, na bado sijapata tusi linalomtosha aliyeliita jambo la kufukuzwa kazi uhuru.