Mguu wa Nyuma wa Farasi

Nilijifunza kukata kioo kwa sababu ya funza. Reli ilikuwa imeshafika Morogoro, na mizigo ya misheni, ambayo zamani ililetwa na wapagazi kwa miguu tangu pwani, ikawa inashushwa stesheni. Kutoka stesheni hadi misheni, huko juu mlimani, hakukuwa na reli wala njia ya gari. Kulikuwa na vichwa vyetu.

Nilikuwa nimeoa karibuni, nakaa Bigwa kwa wakwe zangu. Sisi Waluguru ardhi ni ya ukoo wa mwanamke; mume huja na jembe lake na adabu zake, akatazamwa. Siku hiyo nilibebeshwa sanduku pana, jembamba, zito kuliko lilivyoonekana. Wenzangu walipanda mbio ili wafike kabla jua halijawa kali. Mimi nilikuwa na funza kwenye kidole gumba cha mguu, na kila jiwe nililolikanyaga lilinipa salamu mpaka utosini. Nikapanda mlima kwa mwendo wa bibi harusi.

Nilipofika, wenzangu walikuwa wamekwisha kula na wengine wamelala. Uwanjani palikuwa na bruda mmoja, mtawa Mjerumani mnene mwenye ndevu nyekundu, akifungua masanduku. Kila alilolitikisa lililia ndani kama njuga, naye akazidi kunyong'onyea. Langu lilikaa kimya. Akalifungua, akapekua majani makavu, akatoa kioo chekundu kizima, akakielekeza juani mpaka wekundu ukamwagika usoni pake. Kisha akanitazama mimi kwa muda mrefu.

"Wewe," akasema, "mkono mzuri."

Habari za mguu hakuniuliza, nami sikuona sababu ya kuzileta. Kesho yake nikaanza kazi kwenye banda lake nyuma ya kanisa.

Kanisa lilikuwa jipya, na juu ya madhabahu palikuwa na tundu kubwa la dirisha lililozibwa kwa mkeka. Hapo ndipo palipotakiwa picha ya vioo vya rangi. Bruda alikuwa ameichora yote kwenye karatasi kubwa iliyotandazwa sakafuni: mtakatifu mmoja wa kwao, askari aliyepanda farasi mweupe, anakata joho lake kwa upanga ampe nusu maskini anayetetemeka kwa baridi. Mimi ni Mwislamu, lakini habari ya kumvika maskini haikuhitaji tafsiri. Nilichojiuliza ni kwa nini asimpe joho lote, na hali mwenzake hana hata viatu na yeye ana farasi. Nilimuuliza Bruda. Aliwaza, akaitazama picha kana kwamba ndiyo kwanza anaiona, akasema, "Baridi sana kwetu."

Kiswahili chake alikisoma melini, katika kitabu. Siku ya kwanza alinipa kipande cha kioo cha kawaida cha kujifunzia na kikatio, kijiti kama kalamu chenye kigurudumu cha chuma nchani. Akaonyesha mstari alioupiga kwa makaa, akasema, "Kataa."

Nikaweka kikatio mezani.

"Kataa," akasema tena.

"Nimekataa, Bruda."

Akakichukua kikatio, akanirudishia mkononi, akanionyesha kioo. "Sasa. Kataa."

Nikadhani ni mtihani wa utii. Watu wa misheni wana mambo yao. Nikakiweka tena, nikatoka nje kabisa, nikasimama mlangoni mikono nyuma. Padri mkuu, ambaye alikuwa amekaa nchini miaka mingi na aliyesema Kiswahili kizuri kuliko baadhi yetu, akapita akanikuta.

"Mbona umesimama hapa?"

"Nimeambiwa nikatae kioo, Padri. Nimekataa. Lakini naona haridhiki."

Padri akaingia ndani. Nikasikia Kijerumani, kisha kicheko cha Padri. Cha Bruda sikukisikia. Tangu siku ile alisema "kata" kwa mkato mkali, kama mtu anayechinja kuku, na hakurefusha tena neno lolote, hata yale yanayostahili.

Padri alikaa nami kidogo siku hiyo anitafsirie mambo ya kwanza ya kazi. Kioo hakikatwi, alisema. Kinachanjwa tu, mara moja, kwa mkono mwepesi. Halafu chenyewe kinaamua kuachana. Ukikirudia mstari uleule mara ya pili, umekiharibu, na kigurudumu nacho umekiua. Unachovya ncha kwenye mafuta ya taa, unaanza ukingoni, unakwenda hadi ukingo wa pili bila kusimama njiani. Na unasikiliza. Mchanjo mzuri unalia kama nguo ya kaniki inayochanwa. Mchanjo ukikaa kimya, hujagusa kitu. Ukilia kama meno yanayosagana, umekandamiza mno.

Mimi nilikulia kwenye panga. Kwangu kukata ni kuinua mkono na kushusha. Kioo cha kwanza kilipasuka kikakimbilia upande ambao mstari haukuwahi kuuwaza. Cha pili kilikatika vizuri mpaka katikati, kisha kikabadili nia. Bruda hakugomba. Aliviokota vipande, akaviweka kwenye sanduku la mabaki, akanipa kingine. Sanduku lilijaa haraka kuliko kichwa changu.

Nyumbani niliendelea na masomo. Nilimwomba mke wangu anichanie kaniki kuukuu, taratibu, nisikie. Akachana. Nikamwambia, hapana, wepesi zaidi, kama hutaki. Akachana tena. Nilikuwa nimefumba macho. Upande wa pili wa ukuta, mama mkwe alikuwa akipepeta mahindi. Ungo ukanyamaza.

"Kuna nini huko?" akamuuliza binti yake.

"Anasikiliza, mama."

"Anasikiliza nini?"

"Nguo."

Ungo ukaanza tena kupepeta. "Mwanangu," akasema, "hujachelewa kumwacha."

Lakini sauti niliipata. Siku moja kigurudumu kililia chenyewe ile sauti ya kaniki, nikakigonga kioo kwa chini kwa mkia wa kikatio, nikaona ufa unasafiri ndani yake kama mchirizi wa maji. Nikashika pande zote mbili, vidole gumba juu, ngumi zimegusana, nikageuza mikono kwa nje kama mtu anayevunja kipande cha muhogo mkavu. Kioo kikaachana. Sikuamini, nikakirudisha pamoja na kukiachanisha tena, nikivitazama vipande vyote viwili, mpaka Bruda akaninyang'anya.

Baada ya mistari iliyonyooka zikaja kona. Mviringo unaotoka nje una huruma. Mviringo unaoingia ndani hauna. Huwezi kuutoa kwa mara moja. Unachanja vimwezi vyembamba kimoja baada ya kimoja, unavitoa kwa zamu, na mwisho unamegua kwa koleo kidogokidogo, kama panya kwenye makopa ya muhogo. Na katika picha ile yote, palipoingia ndani vibaya kuliko pote palikuwa mguu wa nyuma wa farasi.

Farasi sisi tulimjua kwa mbali tu. Mjini alikuwapo farasi mmoja wa ofisa wa serikali, akaumwa na ndorobo, akafa. Kwa hiyo nilipomwambia Bruda kwamba mguu ule umepinda mno, kama mundu, sikuwa na ushahidi. Akanihakikishia kwa kuinama na kunionyesha kwa mguu wake mwenyewe, jambo ambalo halikunisaidia.

Kioo cheupe kama maziwa kilichosalimika njiani kilikuwa kimoja tu. Tulikata kichwa, shingo, kiwiliwili, na miguu mingine, vyote vikatoka. Bruda akaukata mguu wa nyuma mwenyewe. Ukavunjika kwenye kona ya goti. Akakata mwingine, ukavunjika palepale. Kikabaki kipande kimoja cha kutosha. Akajifuta jasho, akanisukumia.

Nilitumia asubuhi nzima. Vimwezi vilitoka kimoja kimoja, nami sikupumua sana. Mwisho nikaumegua kwa koleo, nikaufuta, nikauinua dirishani. Mguu mzima, mweupe, na goti lake.

"Fundi," Bruda akasema. Lilikuwa neno kubwa, hakuwahi kuniita hivyo. Akanipiga mgongoni kwa furaha.

Alikuwa na mkono mzito. Mguu ukaniponyoka, ukatua sakafuni, na baada ya hapo haukuwa mguu.

Bruda akakaa juu ya sanduku la mabaki. Sikukuu ya kufungua kanisa ilikuwa imekaribia, Askofu alikuwa akitoka pwani, na kioo kingine kingetoka Ulaya kwa meli. "Farasi," akasema, "miguu tatu." Akalirudia, safari hii kwa upole, kama mtu anayejizoesha.

Padri alikuja kutazama. Akauliza kama mtakatifu hawezi kuteremka. Akauliza kama tunaweza kuweka kioo cha kawaida. Lakini kingepitisha mwanga wote, farasi akawa na mguu wa hewa. Mimi nikawaza vile ng'ombe wanavyoonekana wakipita kwenye migomba: huoni miguu, na hakuna anayedhani hawana. Nikasema, "Tuoteshe mgomba mbele yake."

Padri alimtafsiria. Bruda akanyanyuka, akachukua makaa, akachora mche wa mgomba pale penye mguu. Ulikaa vizuri. Tatizo likawa kijani. Kijani chetu kilikuwa miongoni mwa vile vilivyolia kama njuga, na chembe zake zilikwisha kwenye nyasi za picha.

Nilijua kijani kilipo. Mama mkwe alikuwa na chupa ya pembe nne, ya kileo kiitwacho jini, iliyoachwa na Mgiriki mmoja wa ujenzi wa reli. Aliisugua kwa majivu na maji ya moto mpaka ikatoka dhambi zake zote, akawa anawekea mafuta ya ufuta. Pande zake zilikuwa bapa kabisa. Katika nyumba ile hakuna kilichopendwa kama ile chupa, mimi nikiwemo.

Mkwe hazungumzi na mama mkwe uso kwa uso. Nilikaa nje, mgongo kwenye mlango. Yeye alikaa ndani. Mke wangu akasimama kizingitini, katikati yetu, ingawa wote tulisikiana vizuri.

"Mwambie mama, naomba ile chupa yake ya kijani."

"Mama, anaomba chupa yako ya kijani."

"Mwulize, mafuta yangu niyaweke kiganjani?"

"Anauliza..."

"Nimesikia. Mwambie nitamletea kibuyu kizuri."

"Mwulize, chupa ya nini?"

"Ya kutengenezea mgomba."

"Mwulize, siku hizi migomba haioti ardhini?"

Ikabidi nieleze yote: mtakatifu, maskini, farasi, mguu. Mke wangu aliyarudia yote kwa uaminifu, na kwenye mguu akacheka.

"Nani kauvunja?"

"Bruda."

"Kwa hiyo mzungu anavunja mguu wa farasi, na mimi wa Bigwa natoa chupa."

Tukamsikia mama mkwe akivuta pumzi. Kisha akauliza kitu ambacho sikukitarajia: "Ni mgomba gani?"

"Mwambie ni mgomba tu."

"Mwambie hakuna mgomba tu. Kuna mzuzu, kuna kisukari, kuna mkono wa tembo. Chupa yangu haiwi mgomba usio na jina."

"Ni mzuzu," nikasema upesi, nikiwa sijui.

Chupa ikatoka, imefunikwa kwa kitambaa. Pamoja nayo likatoka sharti kwamba kipande cha juu cha shamba, kile chenye mawe, nitakilima mimi peke yangu.

Bandani, mimi na Bruda tuliizungushia uzi uliolowa mafuta ya taa, tukauwasha, tukaizamisha majini. Kitako kikadondoka chenyewe. Tukafanya vivyo hivyo shingoni. Kisha nikachanja kwenye pembe. Ubavu wa kwanza ulipasuka vibaya, nikashikwa na hofu ya nyumbani. Bruda akakitazama kipande kilichochanika, akatazama nje, kwenye migomba ya misheni iliyopigwa na upepo, na ndevu zake zikatanuka. Jani la mgomba kwa asili yake limechanika. Kila palipopasuka pasipotakiwa tulipitisha ukanda wa risasi, madini laini yanayounganisha vioo, na pakawa ndipo hasa palipostahili kupasuka. Sijawahi kupata kazi nyingine iliyosamehe namna ile.

Siku ya sikukuu Askofu alitazama dirisha muda mrefu, akamnong'oneza Padri. Padri akamjibu jambo, Askofu akaitikia kwa kichwa. Baadaye nilimuuliza Padri alisema nini. "Aliuliza kama huko kwa mtakatifu kulikuwa na migomba. Nikamwambia huku ipo."

Mama mkwe alikuja na wanawake wa Bigwa. Hawakuingia, walisimama mlangoni, jua la asubuhi likipenya kwenye picha na kuacha kijani sakafuni. "Ile ni chupa yangu," akawaambia. Wenzake wakamtazama kwa heshima. Akaendelea kutazama, na nikaona shingo yake inainama upande. Akamwita binti yake, akasema naye. Mke wangu akaja kwangu.

"Mama anasema, mzuzu gani ule hauna mkungu?"

Nilimpelekea Bruda maneno hayo nikidhani atacheka. Hakucheka. Alikwenda bandani, akapekua sanduku la mabaki mpaka chini, akatoa vipande vya manjano, akachora mkungu wa ndizi. Ndizi moja ina mgongo unaotoka nje na tumbo linaloingia ndani, na mkungu una ndizi nyingi. Nilizikata wiki nzima. Za mwanzo nilizivunja kwa fungu. Kisha zikaanza kutoka, na kufikia zile za chini nilijikuta nakata huku tunazungumza na Bruda habari za mvua, mkono unakwenda wenyewe.

Tulipanda ngazi, tukafungua kanda za risasi, tukaingiza mkungu. Farasi akawa anaonekana kama amesimama kula ndizi za watu, na mtakatifu hajali. Bruda alishuka, akarudi nyuma mpaka mlangoni, akasema picha sasa imekuwa nzito upande mmoja. Akanionyesha upande wa pili, juu ya kichwa cha maskini, palipobaki anga tupu.

"Hapo," akasema, "tunaweka nini?"

Nikamwambia anipe muda nikaulize nyumbani.