Klachi ya Karani wa Pamba

Karani wa pamba, jirani wa bibi Nyanjige hapo Bariadi, alichagua klachi ya kigari chake cha mbio kama baba yake alivyochagua maksai: aliye mgumu ndiye mwenye nguvu. Tangu afungiwe hiyo klachi ngumu, kila akikanyaga hung'ata ulimi, na jasho humtiririka mpaka kuku wa Nyanjige huja kunywa. Akiona ng'ombe wanavuka barabara huzima gari mapema, mguu usije ukamsaliti. Klachi ya zamani aliiuza kama chuma chakavu, na daktari kamwonya goti linakwisha, aachane na huo usafiri. Basi akalitangaza gari linauzwa, na leo mnunuzi kutoka Maswa alikanyaga mara moja tu, akashuka akichechemea. “Kaka, hii iuze pamoja na mguu wako!” Majirani wakacheka, karani kuliko wote. Mnunuzi alipoondoka, yeye akaingia kiti cha dereva, akakanyaga klachi, akabaki hapo, mlango wazi. “Ng'wanawane, mwanangu, umenuna?” Nyanjige akamtania. “Mayu, mama yangu, goti halikunjiki. Nitoe.” Bibi akashika kisigino kwa mikono miwili, akavuta kama anayezalisha ng'ombe, mguu ukatoka nje ya gari. Karani akaitazama pedali. “Sasa nani mwingine atalinunua gari hili, mayu?” Nyanjige, asiyekosa utani hata msibani, akauacha utani, akakipakata kisigino, akaanza kulikanda lile goti.